Mbunge wako wa Afrika Mashariki ni nani?

Ndugu msikilizaji, leo naanza na swali. Mbunge wako wa Afrika Mashariki ni nani?

Sisemi mbunge wa jimbo lako, yule unayemwona kwenye misiba na kwenye michango ya kujenga madarasa. Huyo unamfahamu, na kama hukumpigia kura basi angalau uliiona picha yake imebandikwa kwenye nguzo ya umeme. Nasema yule anayekaa katika Bunge la Jumuiya, makao yake makuu Arusha, kwa jina lako na kwa gharama yako.

Swali hili nimewauliza watu kadhaa siku hizi chache. Kinyozi wangu alisimamisha mashine, akafikiri kidogo, akasema hajui. Jirani yangu mwalimu alinitajia jina la mtu ambaye muda wake ulikwisha zamani. Rafiki yangu mmoja mfanyabiashara, ambaye huvuka mpaka wa Namanga karibu kila mwezi, yeye alinijibu kwa swali: "Kwani hilo Bunge linafanya kazi gani?"

Swali la rafiki yangu ni la haki, na nitajaribu kulijibu. Lakini nasema mapema kwamba jibu lake linatuhusu zaidi sisi wenyewe kuliko wale wabunge.

Tuanze na jambo la karibu. Ukiagiza gari lililokwisha kutumika kutoka Japani, likateremshwa bandarini Dar es Salaam au Mombasa, sheria inayosema gari hilo litathaminiwa vipi kwa ajili ya ushuru, na nani ana mamlaka ya kulizuia, haikutungwa Dodoma wala Nairobi. Ni Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004, iliyopitishwa na Bunge hilo ambalo kinyozi wangu hajui mtu hata mmoja aliyemo ndani yake.

Umoja wa Forodha ulipoanza tarehe 1 Januari 2005, Tanzania, Kenya na Uganda zilikubaliana kutoza bidhaa za nje ushuru wa aina moja: malighafi asilimia 0, bidhaa zilizotengenezwa nusu asilimia 10, na bidhaa zilizokamilika asilimia 25. Mwezi Julai 2022 likaongezwa daraja la nne, asilimia 35, kwa bidhaa kama samani na nguo ambazo viwanda vyetu vinaweza kuzitengeneza. Viwango hivyo hukubaliwa na mawaziri, lakini sheria inayovisimamia ni ya Bunge. Kwa hiyo msikilizaji unayenunua kochi la kutoka ng'ambo, au seremala wa Keko anayeshindana na kochi hilo, nyote wawili mnaguswa na kikao cha Arusha, mjue msijue.

Au mchukue mama anayepeleka maharage ng'ambo ya pili ya mpaka. Kwa utaratibu wa Jumuiya, mzigo usiozidi thamani ya dola 2,000 za Marekani, uliozalishwa ndani ya nchi wanachama na ulio katika orodha iliyokubaliwa, hupewa cheti rahisi cha uasili pale pale mpakani, na hautozwi ushuru wa forodha. Ni haki yake. Lakini ni akina mama wangapi wanaoijua haki hiyo? Wengi bado wanapita njia za panya usiku, wanatoa chochote kwa huyu na yule, na wakikamatwa wanapoteza mtaji wote. Mtu anakimbia ushuru ambao hadaiwi! Haki isiyojulikana ni kama chakula kilichofungiwa ghalani, hakimshibishi mtu.

Sasa ili tuelewe kwa nini Bunge hili lipo, hatuna budi kurudi nyuma kidogo.

Wazee mnaonisikiliza mnaikumbuka Jumuiya ya kwanza. Mkataba wake ulitiwa saini Kampala tarehe 6 Juni 1967 na Marais watatu, Mwalimu Nyerere, Mzee Kenyatta na Dakta Obote. Kulikuwa na reli moja, shirika moja la ndege, posta moja, bandari chini ya shirika moja. Makao makuu ya reli na ndege yalikuwa Nairobi, posta na simu Kampala, bandari Dar es Salaam, na ya Jumuiya yenyewe Arusha. Na Bunge la Afrika Mashariki lilikuwapo vile vile, na wajumbe 9 wa kuteuliwa kutoka kila nchi.

Lakini chombo chenye nguvu kilikuwa kimoja tu, nacho ni Mamlaka ya Marais watatu. Wao wakipatana, mambo yanakwenda. Wasipopatana, hakuna mwingine wa kushika usukani. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alimpindua Obote. Mwalimu akakataa kukaa meza moja naye, na tangu hapo Mamlaka ile haikukutana tena. Miaka sita Jumuiya ilikwenda kama basi lisilo na dereva, kila abiria akivuta kiti chake. Mwanzoni mwa mwaka 1977 ndege za Afrika Mashariki zikaacha kuruka. Mwezi Februari Tanzania ikafunga mpaka wake na Kenya, na mpaka ule ukakaa umefungwa hadi Novemba 1983. Mali ya Jumuiya, yaani mabehewa, ndege, majengo na madeni, ilikuja kugawanywa kwa mapatano ya mwaka 1984.

Je, nani alilipa gharama ya ugomvi ule? Si Marais. Walilipa wafanyakazi wa mashirika yale, ambao hapa Tanzania walihangaika miaka mingi, hadi mahakamani, wakidai mafao yao. Wengine walikufa wakiwa bado wanadai. Walilipa wafanyabiashara wa Namanga, Taveta na Sirari. Zililipa familia ambazo shangazi yuko upande huu na mpwa yuko upande ule. Wapiganapo tembo, nyasi huumia.

La kujiuliza ni hili: katika miaka ile sita, wajumbe wale wa Bunge walikuwa wapi? Walikuwapo. Lakini waliteuliwa kutoka juu na hawakuwa na mwananchi nyuma yao. Jumuiya ilipokuwa inakata roho, hapakuwa na umati uliosimama kusema, "Hii ni yetu, msiiue." Wananchi hawakuulizwa wakati wa kuzaliwa kwake, na hawakuulizwa wakati wa kuzikwa.

Ndugu msikilizaji, waliotunga Mkataba wa pili, uliotiwa saini Arusha tarehe 30 Novemba 1999, walilijua jambo hilo. Katika utangulizi wa Mkataba wenyewe imeandikwa wazi kwamba Jumuiya ya kwanza ilikufa kwa sababu, pamoja na mambo mengine, utashi wa kisiasa ulikuwa dhaifu, sekta binafsi na vyama vya wananchi havikushirikishwa kwa dhati, na manufaa hayakugawanywa kwa usawa. Kwa hiyo safari hii waliweka Bunge lenye uwezo zaidi na Mahakama ya kulisimamia neno la Mkataba. Bunge lilizinduliwa Arusha mwishoni mwa Novemba 2001, Spika wake wa kwanza akiwa Abdulrahman Kinana wa Tanzania.

Kazi zake ziko wazi. Linatunga sheria za Jumuiya. Linajadili na kupitisha bajeti ya Jumuiya. Linapokea taarifa za mwaka na za ukaguzi wa hesabu. Na linatakiwa kuwa kiungo kati ya Jumuiya na mabunge ya nchi zetu. Kila nchi hutoa wabunge 9, wanaochaguliwa na Bunge la nchi yao lakini wasiwe wabunge wa Bunge hilo. Ibara ya 50 inataka wabunge hao wawakilishe, kadiri inavyowezekana, vyama mbalimbali, mitazamo mbalimbali, wanawake na wanaume, na makundi maalumu. Tazama neno hilo, msikilizaji: mitazamo mbalimbali. Maana yake ni kwamba chama kinachotawala hakiruhusiwi kuokota watu wake tisa na kuwapeleka Arusha kama mizigo.

Na neno hilo lilijaribiwa mapema. Mwaka 2006 Kenya ilipeleka majina ya wabunge wake wapya. Baadhi ya Wakenya, akiwamo Profesa Anyang' Nyong'o, wakaenda katika Mahakama ya Afrika Mashariki wakilalamika kwamba watu wale hawakuchaguliwa na Bunge kama Mkataba unavyosema. Majina yalitoka kwenye vyama, yakapita kwenye kamati, basi. Mwezi Novemba 2006 Mahakama ikawazuia wasiapishwe, na Machi 2007 ikatoa hukumu kwamba ule haukuwa uchaguzi. Kenya ikalazimika kuanza upya. Wananchi wameishtaki serikali yao mbele ya majaji wa nchi jirani, nao wameshinda! Jambo la namna hiyo lisingefikirika mwaka 1975.

Lakini sikiliza kilichofuata. Mwezi Desemba 2006, majuma machache tu baada ya zuio lile, Mkataba ukafanyiwa marekebisho ya haraka yaliyoigusa Mahakama yenyewe, yakiwamo masharti mapya juu ya majaji kuondolewa kazini. Wanasheria wa Afrika Mashariki wakalipeleka hilo nalo mahakamani, na mwaka 2008 Mahakama ikasema kwamba kuurekebisha Mkataba bila kuwashirikisha wananchi ni kwenda kinyume cha roho yake, ingawa haikuyafuta marekebisho yale. Ukiyasoma matukio hayo mawili kwa pamoja unaiona Jumuiya yetu ilivyo: mkono mmoja unajenga, mwingine unachungulia kama ukuta haujawa mrefu kupita kiasi.

Kuna kisa kingine, hiki cha wabunge wenyewe. Baadhi yao walipeleka miswada binafsi Bungeni, kama Mkataba unavyowaruhusu. Baraza la Mawaziri likaona kwamba miswada ya sera ni kazi ya mawaziri, likataka kuichukua. Wabunge wakaenda mahakamani mwaka 2005, na Oktoba 2006 Mahakama ikasema kwamba muswada ukishafikishwa Bungeni ni mali ya Bunge, na hautoki bila ruhusa ya Bunge. Ni kanuni ndogo, lakini ndiyo inayotofautisha bunge na ofisi ya kupiga mihuri.

Hapana shaka basi kwamba Bunge hili lina uwezo kuliko lile la kwanza. Je, ndiyo kusema mambo ni mazuri? Hapana. Ziko kasoro, na si vizuri kuzificha.

Kasoro ya kwanza ni saini. Muswada ukipitishwa na Bunge la Afrika Mashariki hauwi sheria mpaka Wakuu wa Nchi waukubali. Ukirudishwa Bungeni, ukajadiliwa tena na kupelekwa mara ya pili, kisha Mkuu mmoja tu akakataa, muswada umekufa. Leo nchi wanachama ni nane. Rwanda na Burundi ziliingia mwaka 2007, Sudan Kusini mwaka 2016, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo mwaka 2022, na Somalia ikakamilisha uanachama wake Machi 2024. Kupata saini tatu ilikuwa kazi. Kupata saini nane ni kazi zaidi, hasa muswada unapogusa haki za raia au mapato ya nchi fulani.

Kasoro ya pili ni fedha na nidhamu. Baadhi ya nchi zimekuwa zikichelewesha michango yao kwa Jumuiya, na fedha zikikosekana vikao navyo husimama. Mwaka 2014 Bunge liligawanyika vibaya juu ya kumwondoa Spika Margaret Zziwa, shughuli zikakwama kwa miezi. Aliondolewa Desemba mwaka huo, na mwaka 2017 Mahakama ikasema utaratibu uliotumika ulikiuka Mkataba. Mwaka huo huo wa 2017 Bunge la nne lilichelewa karibu nusu mwaka kuanza, kwa kuwa Kenya ilikuwa bado haijawachagua wabunge wake. Nchi moja ikilala, wote wanasubiri nje.

Kasoro ya tatu, na hii ndiyo inayonisumbua zaidi, ni kwamba majirani tunapogombana Bunge letu husikika kwa mbali mno.

Mwezi Februari 2019 mpaka wa Gatuna kati ya Rwanda na Uganda ulifungwa kwa sababu za kisiasa. Haukufunguliwa hadi tarehe 31 Januari 2022. Karibu miaka mitatu, katika Jumuiya ambayo tangu Julai 2010 ina Soko la Pamoja, na inayoahidi kwamba watu, bidhaa, huduma na mitaji vitapita kwa uhuru! Mwezi Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Tanzania na Uganda kwa hoja ya sumukuvu. Zuio likaondolewa baada ya siku chache na kuwekewa masharti, lakini malori yalikuwa yamekwisha panga foleni. Mwezi Julai 2025 Tanzania nayo ilitoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara ndogo, zikiwamo uwakala wa fedha kwa simu, ufundi wa simu na saluni. Kelele zikatoka Kenya kwamba Soko la Pamoja limevunjwa. Huku kwetu wengi wakaunga mkono, wakisema kijana wetu naye anahitaji pa kuanzia.

Sitaki leo kuamua nani alikuwa na haki katika kila moja ya mambo hayo. Sumukuvu ni sumu kweli. Kijana wa Kariakoo ana njaa kweli, na Mkenya aliyefungua duka kihalali naye ana watoto. Ninachosema ni kwamba haya ndiyo hasa mambo ambayo wananchi huweka Bunge ili yajadiliwe hadharani, kwa hoja na kwa takwimu, mbele ya pande zote, kabla amri haijatolewa. Badala yake mara nyingi tumesubiri Marais wawili wapigiane simu. Wakielewana, mpaka unafunguliwa. Hapo, msikilizaji, tofauti yetu na mwaka 1971 iko wapi?

Nitoe mfano wa upande mwingine. Tarehe 5 Mei 2021 Rais Samia Suluhu Hassan alihutubia kikao cha pamoja cha Bunge la Kenya jijini Nairobi, kwa Kiswahili, na wabunge wakamsikiliza bila mkalimani, wakacheka palipo pa kucheka na kupiga meza palipo pa kupiga. Katika ziara ile ile suala la mahindi lilizungumzwa na mambo yakalegea. Lilikuwa jambo jema. Lakini hata jema hilo lilitegemea hisani ya viongozi. Mkulima wa Kibaigwa hawezi kupanda kwa kutegemea kwamba mwakani viongozi watakuwa wanapendana.

Na kama biashara inahitaji Bunge, demokrasia inalihitaji zaidi. Mkataba unasema utawala bora, demokrasia na utawala wa sheria ni misingi ya Jumuiya, na ni miongoni mwa mambo yanayoangaliwa kabla nchi haijakubaliwa kuingia. Mwaka 2015 machafuko yalizuka Burundi baada ya Rais Pierre Nkurunziza kuamua kugombea muhula wa tatu. Maelfu kwa maelfu wakakimbia, wengi wakaja kwetu Kigoma. Vyama vya kiraia vikapeleka malalamiko Bungeni Arusha, na vingine vikaenda Mahakamani. Majaji wa rufani wakasema kwamba uamuzi uliouruhusu muhula ule ulikiuka Mkataba. Lakini walisema hivyo Novemba 2021, na Nkurunziza alikwisha fariki dunia mwaka 2020. Hukumu ilifika mgonjwa akiwa amekwisha zikwa.

Funzo lake ni kwamba chaguzi za jirani si za jirani peke yake. Uchaguzi ukiharibika nchi moja, wakimbizi wanalala nchi ya pili na bei ya bidhaa inapanda nchi ya tatu. Bunge la pamoja ndilo mahali pa kuambiana hayo mapema, bila kuonekana kwamba nchi moja inaingilia nyumba ya mwenziwe. Katika kikao hicho hakuna mgeni.

Sasa wako wanaosema dawa ni moja, nayo ni wananchi tuwachague wabunge hao moja kwa moja. Hoja hiyo ina uzito. Bunge la Ulaya nalo lilianza kwa wajumbe waliotumwa na mabunge ya nchi zao, na wananchi wakaanza kulipigia kura wenyewe mwezi Juni 1979. Wengine wanajibu kwamba uchaguzi kama huo ni gharama kubwa kwa nchi zetu. Na wako wanaouliza kama ni haki Kongo yenye watu zaidi ya milioni 100 iwe na wabunge 9, sawasawa na Burundi. Burundi nayo itajibu kwamba nchi ndogo ikizidiwa kwa idadi itakuwa imeingia Jumuiya ili imezwe. Ni mjadala mzuri, na hautaisha kesho.

Lakini yapo mambo tunayoweza kufanya kesho asubuhi, bila kubadili hata herufi moja ya Mkataba.

La kwanza, wagombea wa ubunge huo wasikilizwe na wananchi kabla ya kupigiwa kura Bungeni. Kwa desturi tunawasikia siku moja tu, wakijieleza kwa dakika chache, na maswali mengi huwa ni ya kupima Kiingereza chao. Waje redioni, waje kwenye vyama vya wafanyabiashara, wakulima na wafanyakazi. Tuwaulize wanajua nini juu ya mahindi, juu ya samaki wa Ziwa Viktoria, juu ya vibali vya kazi.

La pili, taarifa zirudi nyumbani. Ibara ya 65 ya Mkataba inataka kumbukumbu za mijadala ya Arusha zipelekwe kwa makatibu wa mabunge yetu, na mawaziri wanaohusika waziweke mezani. Kuziweka mezani si kuzijadili. Kila Bunge litenge walau siku mbili kwa mwaka za kuwahoji hadharani wale tisa wake: mmepitisha nini, mmekataa nini, mmetumia kiasi gani? Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Uwakilishi nao ni mali.

La tatu ni lugha. Mwezi Agosti 2016 Bunge hilo lilipitisha azimio la kutaka Kiswahili kiwe lugha rasmi ya Jumuiya, na Februari 2021 Wakuu wa Nchi wakakubali Kiswahili na Kifaransa ziwe lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Uamuzi huo usiishie kwenye makaratasi. Mama wa Namanga, dereva wa lori wa Bujumbura na mchuuzi wa Goma wanaelewana kwa Kiswahili kila siku ya Mungu. Iweje wanaowawakilisha wazungumze lugha ambayo watatu hao hawawezi kuifuata? Sheria zinazomhusu mchuuzi zichapwe kwa Kiswahili na zibandikwe mpakani, pale pale penye foleni.

La nne linatuhusu wewe na mimi. Tujue majina. Tisa tu, si mengi. Mtu anayekariri wachezaji kumi na mmoja wa timu yake na wengine wa akiba hashindwi majina tisa. Tukiyajua tutaandika barua na tutauliza, na mbunge anayejua kwamba anaulizwa husimama kwa namna nyingine anapopewa nafasi ya kusema.

Ndugu msikilizaji, Jumuiya ya kwanza iliishi miaka kumi. Hii ya pili imeipita umri, na inazidi kupanuka kutoka Bahari ya Hindi hadi Atlantiki. Lakini ukubwa si uzima. Itafika siku ambapo viongozi wawili watanuniana tena, kwani ndivyo binadamu walivyo. Siku hiyo Jumuiya haitaokolewa na bendera wala wimbo wake. Itaokolewa na mfanyabiashara, mkulima na mwalimu watakaosimama na kusema, "Subirini kwanza, hii ni yetu, na huyu hapa ndiye tuliyemtuma."

Rafiki yangu yule wa Namanga nimempelekea majina tisa ya wabunge wa Tanzania, nimeyaandika kwenye karatasi. Ameikunja karatasi hiyo akaitia mfukoni, akaniambia safari yake ijayo ana swali la kuwauliza. Je, wewe la kwako umekwisha kuliandaa?

Kwa leo naishia hapo. Tukutane tena juma lijalo, Mungu akipenda.